Jike kwanza: majibu kwa wanaotaka kuzalisha farasi wa mashindano Lubumbashi

SWALI: Daktari, pokea salamu zetu. Tuna farasi jike wawili katika shamba letu la barabara ya Kasenga. Wa kwanza ni mwekundu, ana miaka 15, aliletwa kutoka Zimbabwe akiwa mdogo, na binti yangu ameruka naye vizuizi vya mita 1.20 kwa miaka mingi; hajawahi kuzaa. Wa pili ana miaka 8, tulimnunua Afrika Kusini, ni mtulivu, mwendo wake unapendeza na amezaa mara moja, lakini hajawahi kushinda chochote. Shemeji yangu aliyeko Ubelgiji yuko tayari kututumia mbegu zilizogandishwa za dume mwenye jina kubwa. Tungependa tupate mtoto atakayeweza kuruka vizuizi na pia kufanya dresaji, ule mchezo wa kuonyesha mwendo na utii mbele ya waamuzi. Je, mbegu hizo tumpe jike yupi, na tuanze lini? Mama P., Lubumbashi.

JIBU: Mama, asante kwa barua yako, na hasa asante kwa kunieleza habari za majike wako kabla ya kumtaja dume. Wengi wanaokuja kuniona huanza kwa kunionyesha picha ya dume kwenye simu, akiwa hewani juu ya kizuizi, na jike hutajwa mwishoni kana kwamba yeye ni chombo cha kubebea tu. Jibu langu ni hili: mbegu mpeni jike wa miaka 8, na msimpandikize kabla ya Desemba. Miezi iliyobaki ina kazi yake, kama nitakavyoeleza.

Farasi mnaowataka, ambao Wajerumani na Waholanzi huwaita wa damu vuguvugu, si wa aina moja, na jina hilo halihusu joto la damu. Walitokana na majike wazito na watulivu wa mashambani na wa kukokota magari, waliopandwa na madume wepesi wa Kiarabu na wa mbio za Kiingereza, kizazi baada ya kizazi, huku wafugaji wakibakiza wale tu waliofaa kwa kazi ya wakati huo. Shamba la serikali la Trakehnen, katika Prussia ya Mashariki, lilianzishwa mwaka 1732, na lile la Celle, katika Hanover, mwaka 1735. Wafaransa nao waliunganisha farasi wa mikoa yao chini ya jina moja la Selle Français mwaka 1958. Kwa hiyo damu ya farasi wa mbio, ambayo nadhani jike wenu mwekundu anayo kwa wingi, si ya kudharauliwa hata kidogo. Holstein yenyewe, mkoa wa Ujerumani unaosifiwa kwa warukaji wake, ilimleta Ladykiller, dume wa mbio, ili kuwapunguzia uzito farasi wake, na damu yake ingalipo katika koo nyingi za warukaji wa leo.

Sababu ya kumweka pembeni jike mwekundu si ukoo wake bali ni umri wake pamoja na mbegu mnazotaka kuzitumia. Jike aliyefika miaka 15 bila kuzaa mara nyingi huwa na mlango wa uzazi usiofunguka vizuri. Majimaji yanayojikusanya ndani ya mfuko wa uzazi baada ya kupandikizwa hukosa pa kutokea, na uvimbe unaobaki humaliza mimba kabla haijashika. Mbegu zilizogandishwa huchochea uvimbe huo kuliko mbegu mbichi, tena uhai wake ndani ya jike ni mfupi sana. Mkimpenda sana, na naelewa kwa nini, mpimeni kwanza kwa ekografi, ile mashine inayoonyesha viungo vya ndani, achukuliwe ute wa kupimwa vijidudu na kipande kidogo cha ukuta wa mfuko wa uzazi, kisha tuzungumze. Kumpandikiza bila vipimo hivyo ni kuzimwaga bure mbegu ambazo shemeji amezilipia.

Sasa kuhusu jina kubwa la dume. Farasi wa dresaji Valegro, aliyempa Charlotte Dujardin wa Uingereza medali za dhahabu za Olimpiki London mwaka 2012 na Rio mwaka 2016, na ambaye alama yake ya asilimia 94.3 ya mwaka 2014 iliwaacha watu midomo wazi, alihasiwa, hivyo hana mtoto hata mmoja. Halla, jike aliyembeba Hans Günter Winkler hadi medali ya dhahabu ya Olimpiki ya kuruka vizuizi mwaka 1956, alizaliwa na dume wa mbio za kukokota magari mepesi na jike wa Kifaransa ambaye ukoo wake haukujulikana. Halla mwenyewe alipozaa, hakuna mtoto wake aliyemfikia. Simaanishi kwamba ukoo hauna maana. Ubelgiji wamefanya kazi kubwa sana: Darco, aliyezaliwa mwaka 1980, alishinda mwenyewe akiwa na Ludo Philippaerts na kisha akazaa warukaji wengi, na Big Ben, aliyempa Ian Millar wa Kanada Kombe la Dunia mwaka 1988 na 1989, alizaliwa huko huko. Ninachosema ni kwamba dume huleta nusu tu ya urithi, na nusu nyingine iko tayari shambani kwenu, ikila majani, wala hamjaikagua.

Ikagueni basi. Mwambie mtunza farasi amtembeze jike huyo polepole kwenye njia ngumu, nawe simama nyuma yake, kisha mbele, kisha ubavuni. Nyuma, tazama kama kwato zinafuatana kwenye mstari mmoja au mguu mmoja unachora duara kwenda nje. Ubavuni, tazama kama ukwato wa nyuma unatua kwenye alama ya ule wa mbele au unaipita. Ukiipita kwa kiganja kizima, furahi. Kisha mtie kwenye mwendo wa matiti, ule ambao miguu hutua miwili miwili kwa mshazari, usikilize kwa macho yaliyofumbwa: mdundo uwe sawa, usikatike. Mwisho mpapase vifundo vya nyuma kwa mikono yote miwili. Uvimbe laini upande mmoja, ambao upande wa pili haupo, ni jambo la kupigiwa picha ya miale kabla ya jambo lolote lingine. Kasoro yoyote mtakayoiona, mtafuteni dume ambaye yeye, na zaidi watoto wake, hawana kasoro hiyo. Kama jike ana mgongo mrefu, msimchagulie dume mwenye mgongo mrefu hata kama ameshinda dunia nzima.

Kuna kipimo kimoja ambacho siwezi kukubali mkiache. Katika farasi wa damu vuguvugu kuna kasoro ya kurithi ambayo humfanya mtoto azaliwe na ngozi inayochanika kama karatasi iliyolowa na viungo vilivyolegea. Mtoto hufa au hulazimika kuuawa, na mara nyingi mimba hutoka kabla. Karibu farasi mmoja kati ya kumi anaibeba bila kuonyesha dalili yoyote. Ikiwa dume na jike wote wawili wanaibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto huyo. Nywele chache za singa zilizong'olewa na mizizi yake zinatosha kwa maabara. Shemeji aulize jibu la dume, nanyi mtume nywele za jike. Kama wote wawili wanabeba, badilisheni dume, basi.

Umeuliza kama mtoto mmoja anaweza kuruka na kufanya dresaji. Kwa kiwango cha binti yako, ndiyo, na inafaa iwe hivyo, maana farasi asiyekunja mgongo na kusikiliza mguu wa mpandaji hawezi kukaribia kizuizi sawasawa. Kwa kiwango cha juu, hapana. Waholanzi wametenganisha ufugaji wa warukaji na wa dresaji katika kitabu chao cha ukoo, kwa kuwa walichokuwa wakikitafuta katika huyu hakikuwa kile walichokuwa wakikitafuta katika yule: mrukaji anahitaji wepesi wa kushtuka, nguvu ya kujirusha na woga wa kugusa mti, ilhali farasi wa dresaji anahitaji mwendo mpana, nyonga zinazokubali kukaa chini na moyo wa kurudia zoezi lile lile bila kuchoka. Kwa kuwa jike wenu ana mwendo mzuri na utulivu, ningetafuta dume mrukaji ambaye watoto wake wanasifiwa kwa tabia njema.

Nimesema Desemba, na sababu ni mbili zinazokutana. Kwanza, jike huingia joto vizuri zaidi mchana unaporefuka. Huku kwetu tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi ni saa moja na zaidi kidogo tu, lakini ipo, na Desemba ndipo mchana ulipo mrefu kuliko miezi mingine. Pili, mimba ya farasi huchukua siku kama 340. Akishika mimba mwishoni mwa Desemba, atazaa mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba inayofuata, majani mabichi yakiwa yameota. Mtoto atakaa kwenye kinga ya maziwa ya kwanza ya mama yake katika miezi ile mibaya ya Februari hadi Mei, na ifikapo Juni, kiangazi kikiwa kimetulia, atakuwa na miezi sita na kuweza kuchanjwa.

Nazungumzia tauni ya farasi wa Afrika. Wanaoanza kufuga hawaiogopi vya kutosha, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Ni ugonjwa wa virusi vyenye aina tisa, unaoenezwa na usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu wanaotoka jua linapokaribia kutua. Farasi asiye na kinga akishikwa na ule wa mapafu, ni wachache sana wanaopona. Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Machi, nilimwacha nje binti wa farasi wa miaka miwili kwa usiku mmoja tu kwa sababu zizi lilikuwa linatengenezwa paa. Siku chache baadaye, asubuhi, alikula pumba zake vizuri. Saa sita mchana nilimkuta amesimama na miguu ya mbele imetanuka, shingo imenyooshwa, na vile vibonde vilivyo juu ya macho, ambavyo kwa farasi mwenye afya hudidimia, vimejaa na kutuna. Jioni povu lilianza kutoka puani, jeupe na jingi kama la sabuni. Hakuuona usiku wa manane. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo hakuna farasi wangu anayelala nje wakati wa mvua.

Basi fanyeni hivi. Chanjo inayotengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini, hutolewa kwa chupa mbili, na kati ya ya kwanza na ya pili hupita wiki tatu au zaidi. Wachanjeni majike wote wawili wakati wa kiangazi, usubi ukiwa umepungua, na wasifanyishwe kazi nzito katika wiki hizo. Kwa kuwa ina virusi hai, haifai kwa jike aliye katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Kwa kalenda niliyowapa, kiangazi kinachofuata kitamkuta amekwisha kuipita miezi hiyo. Wakati wa mvua waingizwe zizini kabla ya jua kutua na wasitolewe mpaka liwe limechomoza vizuri, madirisha yawekwe wavu wenye matundu madogo sana. Jambo hili hili ndilo linalonifanya niwasihi mlete mbegu badala ya farasi mzima: nchi za Umoja wa Ulaya hazipokei moja kwa moja farasi kutoka maeneo yenye tauni hiyo, kwa hiyo farasi wa bei kubwa akishafika Katanga, njia yake ya kurudi ni ngumu mno, tena atafika bila kinga yoyote.

Kuhusu upandikizaji wenyewe sitasema mengi, kwa kuwa ni kazi ya daktari atakayekuwa nanyi. Mbegu husafiri ndani ya mtungi wa nitrojeni, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na kabla hazijaondoka Ubelgiji muwe mmekwisha kupata kibali cha idara ya karantini ya wanyama na mimea, maana mtungi haungoji makaratasi. Daktari atamwangalia jike kwa ekografi. Kifuko cha yai kikifika milimita 35 atamdunga sindano ya kulipevusha, na yai litatoka baada ya saa 36 au zaidi kidogo. Mbegu ziyeyushwe kwenye maji ya nyuzi 37 kwa sekunde 30 na ziwekwe ndani mapema, zisizidi saa sita baada ya yai kutoka. Mwandalieni daktari mahali pa kulala. Siku ya 14 hadi ya 16 arudi kuangalia, hasa kama kuna mapacha, kwa sababu mapacha wa farasi ni msiba: nafasi ya tumbo haiwatoshi wote wawili, na siku hizo za mwanzo ndipo mmoja anapoweza kuondolewa bila kumdhuru mwenzake.

Usiku wa kuzaa, kaeni karibu lakini kimya. Kinachotangulia kutoka kiwe ngozi nyeupe inayong'aa. Kikitokea kitu chekundu na laini kama mahameli, msimsubiri daktari: kipasueni hapo hapo na mumvute mtoto kila jike anaposukuma, kwa sababu kondo limebanduka mapema na mtoto hapati hewa. Mtoto asimame ndani ya saa moja, anyonye ndani ya saa mbili, na kondo lote litoke ndani ya saa tatu. Litandazeni chini mlihakiki kama limekamilika, kwani kipande kilichobaki ndani kinaweza kumuua mama. Maziwa ya kwanza yana thamani kuliko mbegu za dume yeyote. Utumbo wa mtoto huyapokea vizuri katika saa chache za mwanzo, na siku moja ikipita mlango huo umefungwa.

SWALI: Daktari, mimi ni mtunza farasi huku upande wa Kipushi. Tuna dume mdogo wa miaka miwili ambaye uso wake umevimba pande zote mbili juu ya mashavu, anatafuna kwa shida, na leo huchechemea mguu huu, kesho ule. Anakula vizuri: pumba za mahindi asubuhi na jioni, na majani tunayokata kando ya mto. Bosi anasema ni meno. Je, ni kweli? Ndugu K.

JIBU: Ndugu yangu, umeangalia vizuri kuliko wengi, na kuchechemea kunakohama mguu ndiko kunakonifanya nidhani si meno. Pumba zina fosforasi nyingi sana na kalsiamu kidogo. Baadhi ya majani ya nchi za joto, kama setaria, nayo yana asidi inayoifunga kalsiamu tumboni isiweze kutumika. Mwili wa farasi ukikosa kalsiamu huenda kuikopa kwenye mifupa, na mifupa ya uso ndiyo hulainika na kuvimba mapema. Kwa farasi anayekua, na hasa anayetarajiwa kuruka siku moja, hili ni jambo zito, maana mifupa ya miguu inakopwa vile vile.

Punguzeni pumba polepole mpaka ziwe kidogo sana. Kama luzerni, yaani majani ya alfalfa, inapatikana, mpeni, kwa sababu ina kalsiamu nyingi. Mchanganyieni pia unga wa chokaa ya mifugo kwa kipimo atakachowapa daktari, wala si ile chokaa ya kupaka ukutani, ambayo itamuunguza. Chakula chote kwa jumla kiwe na kalsiamu inayozidi fosforasi, karibu mbili kwa moja. Mwambie bosi, kwa heshima, kwamba kuchechemea kutapungua baada ya miezi, si wiki, na huenda uso usirudi kabisa ulivyokuwa. Na mahindi yenyewe, kama mnayatoa, yanuseni kila gunia: yenye ukungu yasitolewe hata kwa uchache, kwani kuna sumu ya ukungu huo inayoyeyusha ubongo wa farasi, na ikishaanza hatuna dawa.

SWALI: Mwanangu ana farasi wa miaka mitatu, mrefu tayari kuliko mama yake. Je, anaweza kuanza kurushwa vizuizi mwaka huu? Papa M., Lubumbashi.

JIBU: Papa, urefu unadanganya. Mifupa ya uti wa mgongo ni ya mwisho kukomaa, na kwa farasi mkubwa hufunga baada ya mwaka wa tano. Mwaka huu azoezwe tandiko na lijamu, abebe mpandaji mwepesi kwa dakika 20 au 30, siku tatu au nne kwa wiki, kwenye mistari mirefu na miduara mipana. Wabelgiji wenyewe, wanaokusanya warukaji vijana wa dunia katika mji wa Lanaken kila mwaka, huko huanza kuwashindanisha wakiwa na miaka mitano, kisha sita, kisha saba, kila umri peke yake. Mwanao akiwa na hamu sana, amwachie farasi aruke kizuizi kidogo akiwa huru bila mtu mgongoni, mara chache tu kwa mwezi, naye asimame pembeni atazame jinsi magoti yanavyokunjwa.